Mikungu Inapimwa, Nyonga ya Mfanyakazi Haipimwi



Kila mmoja wetu anajua kusimama mbele ya mizani. Mkungu ukining'inizwa, macho hayatoki kwenye mshale. Mpimaji akiegemeza mkono, au akiandika kilo pungufu ya zile zilizoonekana, watu wanapiga kelele hapo hapo. Hatukusomea utengenezaji wa mizani, lakini tunajua upimaji wa haki unavyokuwa, kwa hiyo si rahisi kutupunja.

Sasa mtu huyo huyo ateleze kutoka juu ya mchikichi, aangukie tako. Anapelekwa dispanseri. Anaulizwa swali moja akiwa bado ameketi kwenye benchi: "Unaumwa wapi?" Anajibu: "Kiunoni." Anapewa vidonge kumi ndani ya karatasi na kuambiwa arudi kazini Jumatatu. Hakuna aliyemlaza, hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemtazama akitembea. Naye anashukuru na kwenda zake. Hapo hapigi kelele, kwa sababu hajui kilichopaswa kufanywa. Mimi nasema ameibiwa, na kilichoibwa ni kikubwa kuliko kilo tano za chikichi.

Maoni yangu ni haya. Mfanyakazi aliyeanguka, au anayeumwa nyonga kwa ajili ya kazi, ana haki ya kulazwa kitandani na kupimwa kwa mikono ya mtu anayejua, na yaliyoonekana yaandikwe. Hayo yafanyike kabla ya mtu yeyote kumwambia arudi kazini. Na sisi wenyewe tujue upimaji huo ulivyo, kama tunavyoijua mizani, ili ukirukwa tutambue.

Nimesoma shule ya msingi tu. Ninayoyaandika hapa nimefundishwa na watu wa kazi hiyo katika miaka ya kuwasindikiza wenzetu hospitali, na nimewauliza maswali mpaka wengine wakanichoka.

Kwanza tuelewe kitu chenyewe. Nyonga ni mahali ambapo kichwa cha mfupa wa paja, kilicho mviringo kama mpira mdogo, kinaingia katika kikombe cha mfupa wa kiuno. Mifupa ya kiuno yenyewe, ile ambayo vitabu vinaiita fupanyonga, imefungana kama pete: nyuma imeshikana na uti wa mgongo, mbele imekutana chini ya kitovu, juu ya sehemu za siri. Uzito wote wa mwili unapita hapo kwenda miguuni. Wataalamu waliopima wanasema kwamba mtu akitembea tu, mikono mitupu, nyonga moja inabeba kila hatua kiasi cha mara mbili na nusu ya uzito wake, au zaidi. Mtu wa kilo 60, basi, nyonga yake inabeba kilo 150. Hiyo ni kabla hujamtwika gunia. Sasa mtazame mwenzetu anayeshuka mteremko na mikungu kichwani, au yule anayetembea ubao mwembamba kutoka mtumbwini na mzigo begani, halafu uniambie kama nyonga ni jambo dogo.

Tena kuna hila ambayo mwili unatufanyia. Nyonga ikiumia, mara nyingi haisemi "mimi ni nyonga." Maumivu yake hutokea kwenye kinena, au mbele ya paja, au gotini kabisa, kwa sababu mishipa ya fahamu ya nyonga na ya goti inashirikiana njia. Nilimsindikiza kijana mmoja mkata mikungu ambaye goti lake lilipakwa dawa miezi mitatu. Siku aliyopata mtu wa kumpima, goti likakutwa zima. Mguu ulipokunjwa na kuzungushwa kidogo, kijana akashika kinena na kupiga ukelele. Miezi mitatu dawa ilipakwa mahali pasipo na ugonjwa! Na kinyume chake pia kipo: wengi wanaosema "nyonga" wakishika tako kwa nyuma, ugonjwa wao uko mgongoni. Ndiyo maana swali la kwenye benchi halitoshi. Mgonjwa anajua anapoumia, lakini hajui kinachouma.

Basi upimaji wa haki ukoje? Unaanza mgonjwa akiwa amesimama, si amelala. Anavua suruali abaki na kaptura. Mpimaji anasimama nyuma yake na kutazama kama mifupa miwili ya kiuno iko sawa au upande mmoja umeshuka, na kama paja moja limekonda kuliko jingine, kwa maana mguu unaokwepwa hupoteza nyama. Halafu anamwambia atembee mpaka mlangoni na kurudi. Mtu anayejua kazi yake anajifunza mengi kwa hatua kumi hizo. Yupo anayeruka haraka kutoka mguu unaouma, na yupo anayeinamisha kifua juu ya nyonga mbovu kila hatua kama bata.

Kisha anaambiwa asimame kwa mguu mmoja, halafu kwa mwingine. Jambo hili lilielezwa mwaka 1895 na daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Friedrich Trendelenburg, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Ukisimama kwa mguu wa kulia, misuli ya tako la kulia inashika kiuno kisianguke upande wa kushoto. Kama nyonga hiyo au misuli yake ni mbovu, kiuno kinashuka upande ule wa mguu ulioinuliwa. Jaribio hili halihitaji mashine wala umeme. Linahitaji macho, nusu dakika, na mtu aliyekubali kuinuka kwenye kiti chake. Lakini aliyetoka kuanguka sasa hivi na asiyeweza kukanyaga, huyo hasimamishwi hata kidogo. Habari zake nitazisema mbele.

Ndipo mgonjwa analala chali. Mpimaji anatazama miguu ilivyojilaza. Mzee aliyeanguka, mguu mmoja ukawa mfupi na wayo umegeukia nje, huyo mfupa wa paja umevunjika shingoni mpaka ionekane vinginevyo. Aliyekuwa amekaa mbele ndani ya gari katika barabara yetu hii ya ziwani, goti likagonga dashibodi, mguu ukawa mfupi, umekunjika na kugeukia ndani, huyo nyonga imechomoka kutoka kikombeni kwa nyuma. Nyonga iliyochomoka inatakiwa kurudishwa haraka, ndani ya saa chache, kiasi cha saa sita. Ikichelewa, damu haifiki kwenye kichwa cha mfupa, nacho kinakufa polepole. Mtu huyo akipewa vidonge na kuambiwa aje kesho, kesho ni kuchelewa.

Baada ya macho ni utepe. Ndiyo, utepe ule ule wa fundi cherehani. Unawekwa kwenye mfupa unaochomoza mbele ya kiuno, unashushwa mpaka kwenye kifundo cha mguu upande wa ndani. Mguu wa kulia kilo... samahani, nilitaka kuandika sentimeta. Mkono wangu umezoea mizani. Mguu wa kulia sentimeta ngapi, wa kushoto ngapi, na zote mbili zinaandikwa. Kisha inapimwa tena kutoka kitovuni. Kipimo cha kwanza kikilingana na cha pili kikatofautiana, miguu ni sawa ila kiuno kimepinda. Hizo ni habari mbili tofauti, na matibabu yake ni tofauti.

Halafu mikono. Mguu unazungushwa polepole ukiwa umelala, kama mtu anavyosukuma gogo. Goti linakunjwa mpaka kifuani. Nyonga nzima hukunjika kiasi cha nyuzi 120, na mkwezi anazihitaji zote. Halafu goti likiwa limekunjwa, wayo unapelekwa nje ili paja lizunguke kwa ndani. Kumbukeni mzunguko huu wa ndani, kwa sababu nyonga inayoanza kusagika hupoteza huo kabla ya mingine. Mtu anaweza bado kutembea, kubeba, hata kucheza ngoma ya arusi, lakini mzunguko wa ndani umekwisha kukauka. Aliyepimwa wakati huo anaweza kubadilishiwa kazi mapema. Asiyepimwa anasubiri mpaka ashindwe kuvaa kiatu.

Lipo jaribio jingine la kuweka kifundo cha mguu mmoja juu ya goti la pili, kama tunavyokaa tukipumzika, kisha goti lililo juu linasukumwa taratibu kuelekea kitandani. Maumivu yakija kwenye kinena, shaka iko kwenye nyonga. Yakija nyuma, juu ya tako, shaka iko pale pete ya kiuno inaposhikana na uti wa mgongo. Jaribio hili ni la Hugh Patrick wa Chicago, la mwaka 1917. Na mguu ukiinuliwa ukiwa umenyooka, maumivu yakashuka kama moto mpaka chini ya goti, hapo twende kutafuta mgongoni.

Nataka kukaa kidogo kwa mtu mmoja, Hugh Owen Thomas wa Liverpool, Uingereza, kwa kuwa habari zake zinatuhusu. Baba yake alikuwa muunga mifupa wa kienyeji, kama wazee wetu wa huku, na ukoo wake vivyo hivyo. Yeye akasoma udaktari, lakini hakuhamia kwa matajiri. Alitibu mabaharia, wafanyakazi wa bandari na wa viwanda, alikuwa daktari wa vyama vya kusaidiana vya wafanyakazi, na siku za Jumapili alitibu maskini bila malipo. Alikufa mwaka 1891. Ndiye aliyefundisha kwamba mgonjwa anaweza kuificha nyonga iliyokakamaa bila kukusudia, kwa kuubetua mgongo. Dawa yake ilikuwa rahisi: mlaze chali, mwambie akumbatie goti la mguu mzima mpaka kifuani, mgongo ulale sawa kitandani. Kama nyonga ya pili imekakamaa, paja lake litajiinua lenyewe, na uongo wa mgongo umekwisha. Ulimwengu mzima bado unatumia jaribio hilo. Lilitoka kwa daktari wa watu wa bandari, mtoto wa muunga mifupa. Kwa hiyo sikubali mtu akiniambia kwamba upimaji wa namna hii ni anasa ya hospitali kubwa.

Na kwa waunga mifupa wetu wenyewe sina dharau. Wapo wenye mikono mizuri kwa mkono au kifundo kilichoteguka. Lakini nyonga na pete ya kiuno ziko ndani sana, zimefunikwa na nyama nyingi, na kuvuta mguu kwa nguvu ambapo shingo ya mfupa imevunjika ni kuharibu kilichobaki. Mzee mwenye busara anamtuma mgonjwa hospitali, naye heshima yake haipungui.

Sasa aibu. Jambo hili tunalinyamazia na linatuumiza. Nyonga iko karibu na sehemu za siri, na haiwezi kupimwa juu ya suruali nzito au kanga tatu. Wanaume wetu wanakataa kuvua mbele ya mwuguzi msichana. Kina mama wanaobeba mafuta na kuchambua chikichi, wengi wameumia kiuno tangu uzazi, na hawasemi kabisa. Mimi sisemi aibu itupwe. Nasema iheshimiwe kwa vitendo: pawe na pazia, mgonjwa afunikwe kitenge na kufunuliwa upande unaopimwa tu, mpimaji aeleze anachotaka kugusa kabla ya kugusa, na mama akitaka dada yake au mwuguzi wa kike awepo, awepo. Mgonjwa ana ruhusa ya kusema "simama" wakati wowote. Mtu anayepima bila kueleza na bila pazia, huyo naye tumkatae, hata kama ana koti jeupe. Lakini dispanseri isiyo na pazia isitumie aibu yetu kama kisingizio cha kutotupima. Pazia ni kitambaa tu.

Najua watakalojibu baadhi ya kapita na mapatroni. Watasema: "Wafanyakazi wanajifanya wagonjwa." Wapo, sikatai. Katika watu mia hukosi wawili watatu, na hao wanatuharibia sisi wote, maana anayekuja kuumia kweli baadaye haaminiwi. Lakini dawa ya shaka hiyo ni nini kama si kupima? Kuna jaribio la daktari Charles Hoover wa Marekani, la mwaka 1908. Mpimaji anaweka viganja chini ya visigino viwili, anamwambia mgonjwa ainue mguu anaosema hauinuki. Mtu anayejitahidi kweli, kisigino cha mguu wa pili kinakandamiza chini chenyewe, bila yeye kujua. Asiyejitahidi, hakikandamizi. Hata hapo mpimaji wa haki hatoi hukumu kwa jaribio moja. Huenda mtu anaogopa maumivu, au ana ugonjwa wa namna nyingine. Basi sisi wa sendika hatuogopi kupimwa. Anayeogopa ni yule ambaye ukweli ukiandikwa utamgharimu.

Wengine watasema: "Tusubiri picha." Picha ya eksirei, ambayo huku tunaiita radio, ni kitu kizuri na mara nyingi ni ya lazima. Lakini kuna wanaotoka mbali, kuna nauli, kuna siku mashine haifanyi kazi, na picha haijui mguu unavyotembea. Zaidi ya hayo, shingo ya mfupa wa paja inaweza kupasuka na picha ya kwanza isionyeshe. Mikono ndiyo inayosema picha ipigwe wapi na irudiwe lini. Kuna hata hila ya zamani ya kuweka chombo cha kusikilizia kifua juu ya mfupa wa mbele wa kiuno, na kugonga kwa kidole goti la kulia, kisha la kushoto. Sauti hupita ndani ya mifupa. Upande uliovunjika sauti yake huwa imefifia. Kila mwuguzi wa ziwani ana chombo hicho shingoni!

Nilisema nitarudi kwa aliyetoka kuanguka. Tafadhali hapa someni polepole, na msomeeni asiyejua kusoma. Mtu aliyeanguka kutoka juu ya mchikichi na hawezi kuinua mguu, au anaumia mifupa ya kiuno, asiinuliwe kusimama "ili tuone." Asipakiwe kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu zaidi ya mara moja. Pete ya kiuno ikivunjika, damu nyingi inaweza kumwagika ndani ya tumbo la chini, lita nzima na zaidi, na ngozi isionyeshe hata tone. Chukueni kitenge kipana, mkipitishe chini yake bila kumgeuzageuza, mkifunge kwa kukaza. Msikifunge kiunoni penye mshipi wa suruali, bali chini yake, pale mifupa ya mapaja inapochomoza pembeni. Fungeni magoti pamoja. Abebwe amelala, juu ya ubao au mlango. Mtu asimbonyezebonyeze kiuno kwa kutaka kujua kama kimevunjika. Hata daktari anakigusa mara moja, kwa upole, basi. Na hospitali waambiwe kama amekojoa, na kama mkojo ulikuwa na damu.

Nirudi kwenye karatasi, kwa sababu huko ndiko haki yetu inakofia. Katika nchi yetu ajali za kazi na magonjwa ya kazi yako chini ya INSS, na mchango wa sehemu hiyo unalipwa na mwajiri, haukatwi kwenye mshahara wa mfanyakazi. Ulemavu ukibaki, daktari anaukadiria kwa asilimia, na malipo yanafuata asilimia hiyo. Sasa fikirini: asilimia itatoka wapi kama karatasi ya siku ya ajali imeandikwa "maumivu ya kiuno, vidonge"? Baada ya mwaka mguu umefupika sentimeta tatu, na mwajiri anasema, labda alizaliwa hivyo. Lakini kama siku ile iliandikwa miguu yote miwili sentimeta ngapi, nyonga ipi, inakunjika mpaka wapi, mzunguko upi unauma, hapo mjadala unakuwa mfupi. Karatasi yenye vipimo inamsemea mfanyakazi hata siku ambayo mjumbe wake hayupo.

Na wale wasio na namba ya INSS, vibarua wa msimu, wakwezi wanaolipwa kwa mkungu, wabeba mizigo wa mwaloni? Hao ni wengi katika pwani hii, kuanzia Magara na Minago mpaka Rumonge, Kigwena na Nyanza-Lac. Kwao karatasi ni ya lazima zaidi, kwa kuwa haina mwenzi. Mwenye shamba anayesema "huyu si mfanyakazi wangu" atafute maneno mengine mbele ya karatasi inayosema ameanguka tarehe fulani, katika shamba fulani, akikata mikungu ya nani. Sendika iwachukue hao kama wanachama, na tuliseme hilo katika kila mkutano mpaka lifanyike.

Siyo kila nyonga mbovu imeharibiwa na kazi. Kuna kifua kikuu cha mifupa, kuna selimundu ambayo huua kichwa cha mfupa wa paja kwa vijana, kuna uzee. Upimaji ukionyesha hivyo, tukubali, na mgonjwa apelekwe kwenye matibabu yake. Lakini pia tusikubali maneno ya "ni uzee tu" kwa mtu wa miaka 45 aliyebeba magunia tangu akiwa na miaka 15. Uingereza, tangu mwaka 2005, kusagika kwa nyonga kwa mtu aliyefanya kazi ya shamba miaka 10 au zaidi kumewekwa katika orodha ya magonjwa ya kazi. Shirika la Kazi Ulimwenguni nalo liliweka maradhi ya misuli na mifupa yanayotokana na kazi katika orodha yake ya mwaka 2010. Shirika hilo hilo lilishauri mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe kwa mikono zaidi ya kilo 55, na mwanamke apungukiwe sana na hapo. Mwenye kutaka kujua tumefika wapi aende mwaloni asubuhi, ahesabu kilo zilizo juu ya vichwa.

Neno moja la msaada wakati tunadai. Anayeumwa nyonga ya kulia ashike fimbo kwa mkono wa kushoto. Wengi wanashika upande unaouma, na hapo fimbo haisaidii. Lakini ndoo, ikiwa hana budi kuibeba, aibebe kwa mkono wa upande ule ule unaouma, kwa sababu ikiwa upande wa pili inaiongezea nyonga mbovu mzigo. Linasikika kama kinyume, lakini jaribuni mtaona.

Ninachopendekeza kiingie katika madai yetu kwa waajiri ni vitu vichache. Kila dispanseri inayohudumia shamba au kiwanda iwe na kitanda ambacho mtu mzima anaweza kulala amenyooka, pazia, na utepe. Mwuguzi wake apelekwe kujifunza upimaji huu kwa wanaoujua. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anaweza kuuonyesha wote kwa siku chache. Karatasi ya ajali iwe na nafasi ya kuandika upande ulioumia, urefu wa miguu yote miwili, namna mgonjwa anavyotembea, mwendo wa nyonga unaouma, na siku za mapumziko. Nakala abaki nayo mfanyakazi. Na aliyepewa siku za mapumziko apimwe tena kabla ya kurudi juu ya mchikichi, siyo kuulizwa tu kama amepona, maana mwenye njaa nyumbani siku zote atajibu kwamba amepona.

Wajumbe wa kila shamba na kiwanda wazitembelee dispanseri zao kabla ya mkutano ujao, waandike ipi ina kitanda na ipi ina benchi tu. Za Rumonge mjini na Mutambara nitazizungukia mwenyewe. Ndugu wa Minago, Kigwena na Nyanza-Lac waniletee za kwao, kwa maandishi au kwa mdomo.